Duka na Mizani: Ushindani wa Biashara katika Nchi ya Wasukuma

Tuzungumziapo utamaduni wa taifa letu, mara nyingi mawazo hukimbilia ngoma, mavazi, hadithi na matambiko. Biashara tumezoea kuwaachia wataalamu wa uchumi, kana kwamba namna watu wanavyouza na kununua si sehemu ya maisha yao. Kwa maoni yetu hilo ni kosa. Mtu anaposimama sokoni mbele ya mpinzani wake huwa na njia mbili. Aweza kumwiga, akitumaini kwamba atafanya jambo lile lile kwa bei nafuu au kwa juhudi kubwa zaidi. Au aweza kutafuta haja ya watu ambayo mpinzani huyo hajaitimiza. Uchaguzi huo hautokani na hesabu peke yake. Hutokana pia na mafunzo aliyoyapata katika jamii yake, na sheria za nchi, na nafasi aliyoachiwa na waliomtangulia.

Katika insha hii tutaitazama nchi ya Wasukuma, hasa ile sehemu ya Shinyanga iitwayo leo Kishapu, pamoja na Mwanza na Geita. Tutaeleza jinsi wafanyabiashara Waafrika wa miaka ya 1940 walivyokwama walipofungua duka kando ya duka, na jinsi walivyofanikiwa walipotundika mizani mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kuitundika. Tutasimulia pia yaliyofuata, kwa sababu ushindi ule haukudumu kama wenyewe walivyotumaini.

Kishapu ni wilaya tangu mwaka 2002, ilipomegwa kutoka Wilaya ya Shinyanga Vijijini, na makao yake yako Mhunze. Ni nchi ya mbuga, yenye udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wenyeji wake hufuga ng'ombe, hulima mtama na mahindi, nao ni wakulima wa pamba wa siku nyingi. Humo humo umo mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Wakati wa matukio tunayoyasimulia wilaya ya jina hilo haikuwapo, lakini pamba ilikuwapo, na wanunuzi wake walikuwapo.

Kabla ya duka la kwanza kufunguliwa, Wasukuma walijua biashara. Majembe yao mengi yalitoka upande wa magharibi, kwa Warongo wa Uzinza, mafundi hodari wa kuyeyusha chuma, ambao sehemu ya nchi yao imo katika Mkoa wa Geita wa leo. Chumvi ilitoka mashariki, kwenye Ziwa Eyasi, na wanaume walikwenda kuichota kwa misafara, safari ya hatari na ya kiu. Katikati walikuwako wenye ng'ombe na nafaka. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilikuwa mali, likaingia hata katika mahari. Katika biashara ya namna hiyo kumwiga jirani hakuna maana yoyote, maana hakuna mtu apelekaye chumvi Eyasi wala jembe kwa Mrongo. Kila upande ulithaminiwa kwa kile ambacho upande wa pili haukuwa nacho.

Mashindano ya waziwazi, ya watu wawili wanaofanya kazi moja mbele ya watazamaji wale wale, Wasukuma waliyajua zaidi kwenye uwanja wa ngoma. Walimu wengi wa Shinyanga na Mwanza wanaifahamu habari ya Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 walikuwako wacheza ngoma wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani bora kuliko mwenzake. Kila mmoja akapata dawa zake kwa mganga wake, na wafuasi wao wakawa vyama viwili vilivyoenea Usukuma nzima. Baada ya mavuno, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, makundi mawili hukutana uwanja mmoja na siku moja, kila moja likicheza upande wake. Mshindi hujulikana kwa wingi wa watu waliomwendea. Watazamaji huanza wakiwa wametawanyika. Jua likielekea kuzama, upande mmoja huwa umejaa na upande wa pili umebaki na jamaa za wachezaji tu.

Katika mashindano kama hayo mwigaji hupata taabu kubwa. Manju akiimba mambo yale yale anayoimba mpinzani wake, kwa mapigo yale yale, watu hawana sababu ya kuondoka pale walipokwisha kusimama. Ndiyo maana kila kundi lilitafuta jambo la kwake. Bayeye walijulikana kwa nyoka, Banunguli kwa nungunungu, wachezaji wa bugobogobo kwa majembe. Wengine walikuja na sanamu za mbao au na fisi aliyefungwa kamba. Twaweza kusema kwa mzaha kwamba manju aliyeshindwa mwaka huu na mwenye chatu hakurudi mwaka uliofuata na chatu mwembamba zaidi. Ni kweli kwamba lililovuta watu liliigwa upesi, na kwa hiyo manju hakuweza kukaa na ugunduzi mmoja maisha yake yote. Hatudai kwamba wafanyabiashara wa Mwanza walijifunza mbinu zao uwanjani. Tunasema tu kwamba wazo la kumshinda mtu kwa kufanya asilolifanya halikuwa geni kwao wala kwa wateja wao.

Sasa tuje kwenye duka. Duka kama tunavyolijua lililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na haki inatutaka tukiri kwamba wao wenyewe waliipata nafasi yao kwa kuingia mahali ambapo wengine hawakutaka kuingia. Makampuni makubwa ya Ulaya yalikaa mijini na bandarini. Hayakuona faida kumwuzia mkulima mafuta ya taa chupa moja au sabuni kipande. Mhindi aliona. Allidina Visram, aliyefika pwani yetu akiwa kijana katika karne ya 19 na kufariki mwaka 1916, alijipatia utajiri wake kwa kufungua vituo kwenye njia za misafara na kuzunguka maziwa kabla wengine hawajathubutu. Waliomfuata walijenga vibanda vya mabati vijijini, wakalala nyuma ya duka pamoja na watoto wao, wakajifunza Kisukuma cha kutosha kutajia bei, wakauza merikani, kanga, chumvi na sukari, wakanunua ngozi, samli na mazao. Nguvu yao kubwa haikuwa dukani. Ilikuwa katika mnyororo wa mikopo: mwenye duka alikopeshwa na mwuzaji wa jumla wa Shinyanga au Mwanza, naye huyo alikopeshwa na mwagizaji wa pwani. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, mnyororo huo ulikaza zaidi.

Mwafrika alipoamua kufanya biashara aliona duka, akafungua duka. Nani angemlaumu? Mfano wa mafanikio uliokuwa mbele ya macho yake ulikuwa huo tu. Akaweka rafu, akaweka bidhaa zile zile, akakaa mlangoni. Lakini alichoweza kukiiga ni sura ya duka. Mnyororo uliokuwa nyuma yake hakuweza kuuiga. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimfanya mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika ashindwe kumdai Mwafrika mahakamani deni la biashara, isipokuwa kama mkopo huo ulikuwa umeidhinishwa na serikali. Wakoloni walieleza kwamba sheria hiyo ilimkinga mwenyeji na ulaghai. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyethubutu kumkopesha. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Bidhaa zikawa adimu, serikali ikazigawa kwa mafungu, na mafungu hayo yakahesabiwa kwa kufuata biashara ambayo mtu aliifanya kabla ya vita. Aliyekuwa mkubwa akapata fungu kubwa. Aliyekuwa hajaanza hakupata kitu.

Kwa hiyo Mwafrika mwenye duka alinunua bidhaa zake kwa taslimu kutoka kwa mtu yule yule aliyekuwa akishindana naye. Akiuza kwa bei ya jirani, hakubakiwa na faida. Akipandisha bei, hakubakiwa na mnunuzi. Tumewahi kusikia, hata katika madarasa yetu, maelezo kwamba maduka ya Waafrika yalikufa kwa sababu wenyewe hawakujua kuweka hesabu, au kwa sababu ndugu walikula mtaji. Yamo maduka yaliyokufa hivyo, na yatakuwamo siku zote. Lakini mwalimu atakayeishia hapo atakuwa amewafundisha wanafunzi wake nusu ya habari. Hata mtu mwenye hesabu safi na asiye na ndugu hata mmoja hawezi kumshinda mpinzani ambaye ndiye anayempangia bei ya kununulia.

Wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza waliyatambua hayo, wakaunda chama chao cha ushirika katika miaka ya 1940 ili wapate bidhaa kwa jumla bila kupitia kwa wapinzani wao. Katibu wake akawa kijana Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 Ikizu, upande wa Musoma. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1945 na 1947, Bomani alikuwa mtumishi katika kampuni ya almasi ya Williamson pale Mwadui. Katika mgodi ule kila chembe ya almasi hupimwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Haiwezekani kujua kama ndiko alikozoea kuifikiria mizani. Sisi tunaitaja habari hiyo kwa sababu inaiunganisha Kishapu na yaliyofuata. Chama cha wafanyabiashara kilihangaika sana na kupata kidogo. Wanachama hamsini wasio na mkopo wakiungana, wanakuwa chama kisicho na mkopo. Bado walikuwa wakishindana katika uwanja ambao mpinzani ndiye aliyeuchora.

Hata hivyo wafanyabiashara hao walikaa karibu na wakulima, na waliwasikia wakilalamika. Malalamiko yenyewe hayakuhusu bei ya sukari. Yalihusu pamba.

Hapa inafaa tueleze kwa utulivu jinsi pamba ilivyonunuliwa, maana kiini cha habari kimo humo. Tangu wakati wa vita pamba ya Tanganyika ilinunuliwa kwa jumla na Serikali ya Uingereza, na bei ya mkulima ilitangazwa na serikali kabla ya msimu kuanza. Vinu vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa Waasia, na wanunuzi walikaa katika vituo vilivyoidhinishwa. Bei ilikuwa moja. Mnunuzi hakuweza kumvuta mkulima kwa kumwongezea senti, na mkulima hakuweza kumkimbia mnunuzi kwa sababu ya senti. Basi kama mnunuzi alitaka kupata zaidi ya fungu aliloruhusiwa, njia zilikuwa mbili. Njia ya kwanza ni daraja la pamba: kuiita fifi pamba ambayo mkulima na wanawe walikesha wakiichagua iwe safi. Njia ya pili, na ndiyo iliyozoeleka zaidi, ni mizani. Kidole kiliwekwa mahali pasipostahili, ratili za juu zilikatwa, gunia tupu lilihesabiwa kuwa zito kuliko lilivyo. Mkulima hakujua kusoma tarakimu za mizani, na hata aliyejua alisimama upande asiouona mshale. Tuchukue mfano wa hesabu: ikiwa katika kila ratili kumi moja hupotea, mtu aliyesomba pamba yake kwa safari kumi, kwa kichwa au kwa punda, safari moja nzima aliifanya bure.

Si kila mnunuzi alikuwa mwizi. Lakini utaratibu ule ulimfanya mnunuzi mwaminifu ashindwe, maana alipata faida ndogo kuliko mwenzake huku bei yao ikiwa moja. Hivyo wanunuzi nao waliigana, katika ubaya. Kituo kimoja kikianza kukata ratili, cha pili hakikuwa na sababu ya kuacha.

Katikati ya hali hiyo ndipo lilipozuka jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko vinu vyote vilivyojengwa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuwa na wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia. Mkulima alipitisha pamba yake kwanza kwenye mizani hiyo, akaambiwa uzito, kisha akaenda nayo kwa mnunuzi akiwa ameishika ile namba kichwani au kwenye kikaratasi. Bomani na wenzake walilisimamia jambo hilo, na wakulima wakaungana katika chama chao cha Jimbo la Ziwa. Vikundi vya vijijini vya kulima kwa zamu, vilivyokuwa chini ya nsumba ntale, kiongozi wa vijana, viliwafanya watu wazoee kukusanyika na kuchanga bila kusukumwa na bwana shauri.

Yafaa tumtazame vizuri mpimaji huyo. Hakununua pamba, wala hakuwa na fedha ya kuinunulia. Hakuwa na kinu, hakuwa na lori, hakuwa na leseni ya kuuza nje. Kwa vipimo vya biashara ya siku zile alikuwa si kitu. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho mnunuzi tajiri kuliko wote hakuweza kukiuza: neno la mtu asiyepata faida kutokana na kosa la mizani. Mnunuzi hakuweza kumwiga. Hata angaliweka mizani ya pili mbele ya kibanda chake na kuisafisha kila asubuhi, ingalikuwa bado mizani ya mnunuzi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Serikali iliviandikisha vyama vya msingi, navyo vikaanza kununua pamba ya wanachama wao. Mwaka 1953 Bomani alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough. Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, Bomani akiwa meneja mkuu. Mwaka 1956 Shirikisho lilifungua kinu chake la kwanza Kasamwa, katika Geita. Kufikia mwaka 1960 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipitia mikononi mwake, nalo likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara letu. Tukumbuke kwamba TANU, iliyoundwa mwaka 1954, ilipigwa marufuku katika jimbo hilo kwa miaka kadhaa. Kwa watu wengi wa Usukuma chama cha pamba ndicho kilichokuwa mahali pa kukutania na kusemea.

Inapendeza kulinganisha na Rochdale, mji wa viwanda huko Uingereza, ambako tarehe 21 Desemba 1844 wafanyakazi walioanzisha ushirika wao wakiwa 28 walifungua duka dogo la unga, siagi, sukari, ugali wa shayiri usiopikwa na mishumaa. Maduka ya vitu hivyo yalikuwa tele mjini. Lakini unga wa maduka hayo ulichanganywa na vitu vingine na mizani yake haikuaminika. Watu wa Rochdale waliuza unga usiochanganywa kwa kipimo cha haki. Kwa sura walikuwa wamefungua duka kando ya duka. Kwa kweli walikuwa wanauza kitu ambacho mtaa ule haukuwa nacho.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo vitabu vya sifa huiruka. Shirikisho lilipokwisha kuwa mnunuzi pekee, yule mpimaji aliyesimama pembeni alikuwa wapi? Alikuwa ameingia ndani. Alikuwa sasa karani wa chama, mwenye mizani na fedha, naye alipimia upande wa mnunuzi. Mahali pake pa zamani, nje ya kibanda, hapakuwa na mtu. Viongozi waliona kwamba hapahitaji mtu, kwa kuwa mnunuzi na mkulima walikuwa wamekuwa kitu kimoja. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na malalamiko yaliyosikika nchini yalikuwa yale yale ya miaka ya 1940: makato yasiyoeleweka, watumishi wengi, fedha zilizopotea, na mizani. Mwaka 1968 Shirikisho likabadilishwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Wapo watakaosema kwamba tunawahukumu wazee wale kwa ukali. Huenda. Walichukua kazi ya kununua, kuchambua na kuuza zao la jimbo zima kwa muda wa miaka mitano, wakiwa na makarani waliomaliza shule ya kati. Lakini tunaona kwamba katika kumshinda mnunuzi wa zamani waliiga nyumba yake yote, na katika kuiiga waliacha nje kitu kile kimoja kilichowapa ushindi.

Yaliyofuata tutayapitia haraka. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vijiji vikatakiwa kuuza pamba moja kwa moja kwa Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na Mkoa wa Shinyanga ukapata chama chake kikuu, SHIRECU, mwaka 1984. Karibu na mwaka 1990 mkulima wa Kishapu alikuwa amezoea kukopwa: pamba ilichukuliwa, fedha zikasubiriwa miezi.

Mwaka 1994 milango ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Faida ya kwanza ilikuwa ya kweli na hatuna haja ya kuificha: watu walilipwa taslimu, siku ile ile. Lakini tazama jinsi wanunuzi hao walivyoshindana. Mmoja alifungua kituo penye mkuyu. Kabla ya mwezi kwisha vituo vingine vilisimama kwenye kivuli hicho hicho, vikinunua pamba hiyo hiyo kwa namna hiyo hiyo. Kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuachwa na mwenzake, hakuna aliyethubutu kumrudishia mkulima pamba chafu, na tofauti ya bei kati ya safi na fifi ikafifia. Wakulima nao hawakukawia kuelewa. Maji yalimwagiwa katika marobota, mchanga na chumvi vikatiwa ili kuongeza uzito. Mizani iliyomdhulumu babu sasa ilidhulumiwa na mjukuu. Pamba ya Tanzania, inayochumwa kwa mkono na iliyokuwa na heshima katika soko la dunia kwa usafi wake, ilipoteza sehemu ya heshima hiyo.

Hasara nyingine haikuonekana kwa macho. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilikuwa kimetoa aina za mbegu zilizopangiwa maeneo yake, na mipaka ya maeneo hayo ilisaidia kuzuia ugonjwa wa mnyauko fuzari. Wanunuzi waliponunua popote na kuchambua popote, mbegu zilichanganyika, mipaka ikavunjika. Hapo mtu mmoja hakuweza kujitenga na wengine hata kama angetaka, maana mbegu ya jirani ilikuwa imekwisha kuingia kinuni mwake.

Katika mwaka huo huo wa 1994, katika Wilaya ya Meatu inayopakana na Kishapu, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kulianza mradi wa namna nyingine. Kampuni ya Uswisi iitwayo Remei ilianza kufanya mapatano na wakulima walime pamba bila dawa wala mbolea za viwandani, iwalipe bei ya nyongeza. Mradi huo, bioRe, haukusimama chini ya mkuyu pamoja na wengine. Ulikwenda kwa wakulima wa nchi kame, ambao wengi wao hawakuwa na fedha ya kununulia dawa, ukaugeuza upungufu huo kuwa sifa ya pamba yao. Wakulima walipanda alizeti pembeni mwa shamba ili kuwavuta wadudu. Tusiutie chumvi mfano huu. Wanunuzi wa pamba ya namna hiyo duniani ni wachache, na mkulima wa Meatu humtegemea mteja aliye mbali asiyemwona. Lakini mnunuzi aliyehitaji pamba isiyochanganywa ilimlazimu kujua imetoka shamba la nani, na kwa hiyo ilimlazimu kuandika, kukagua na kumjua mkulima kwa jina.

Msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Makampuni yalileta fedha, vyama vilipima. Katika vijiji vya Kishapu wakulima walirudi kwenye ghala la chama, wakapanga foleni na mizigo yao juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Karani wa mizani alikuwa mtu wa kijijini, tena huenda ni mtoto wa jirani. Wazee waliokuwa kwenye foleni, ambao baadhi yao waliwahi kupeleka pamba ya baba zao kwa mpimaji wa miaka ya 1950, walipofika mbele waliitazama kwanza mizani, kisha wakamtazama aliyesimama karibu nayo.